Zamu ya Mama Miwani

Saa mbili asubuhi, mlango wa karakana ya uchomeleaji unasukumwa na mtu ambaye hakuna anayemtarajia. Ni mwanamke wa makamo, mkoba umebanwa kwapani, vidole vimekunjamana kwa maji na sabuni. Cheche zinaruka mbele yake. Wala hasalimii.

"Nani hapa ana kura?" anauliza.

Mhudumu wa karakana anazima mashine na kuinua kinga ya uso. "Kwanza rudi nyuma ya mstari wa njano, dada. Pili, miwani ile pale, vaa. Ukishavaa ndiyo tujuane."

Hivyo ndivyo mhudumu huyu alivyopata jina. Katika chuo hiki cha jamii anaitwa Mama Miwani, kwa sababu hakuna anayevuka kizingiti chake macho matupu. Mkuu wa chuo mwenyewe akileta wageni husimamishwa mlangoni kama mwanafunzi mtoro.

Mgeni anavaa miwani, inamteleza puani. Ni dobi. Anafua nguo katika nyumba moja mtaa wa pili, na leo ameomba ruhusa ya siku nzima, siku ambayo hatalipwa. Amesikia kuwa madarasa ya jioni yanafungwa na kwamba uamuzi ni leo mchana. Mlinzi wa getini amemwambia aliye na kura yuko karakana.

"Kweli ninayo," anasema Mama Miwani. "Niambie shida yako, nitakusemea."

"Sitaki kusemewa, dada. Nimesemewa sana maisha haya, kila mara yanafika yakiwa mengine. Nataka niseme mwenyewe."

Mama Miwani anafuta mikono kwenye aproni. "Basi nitakupa zamu yangu."

Ahadi hiyo inahitaji maelezo kidogo. Mkuu wa chuo huendesha shughuli za kila siku, lakini si yeye anayeamua chuo kifundishe nini, kifungue lini au kifunge nini. Mambo hayo ni ya bodi. Ndani yake wamo wakazi waliochaguliwa na mitaa inayozunguka chuo, waajiri, mwakilishi wa walimu, wa wanafunzi, na mmoja wa wafanyakazi wasio walimu. Huyo mmoja ndiye Mama Miwani, na huu ni mwaka wake wa pili. Mkuu wa chuo ni katibu tu, hana kura.

Kila mjumbe huzungumza mara moja katika kila ajenda. Mkazi wa kawaida anaweza kusikika, lakini kwa njia moja tu: mjumbe ampe zamu yake. Na zamu ikishatolewa, hairudi.

"Watu hudhani chuo kina mwenyewe," anasema Mama Miwani. "Wenyewe ni sisi. Ila ukikaa kimya, unageuka mpangaji."

Kabla ya cheche alikuwa mfagiaji. Alifagia korido za chuo hiki kwa miaka mingi, mchana akisukuma ufagio na jioni akikaa darasani na miwani ya kuazima. Alipopata cheti, alihamishiwa karakana. Baba yake, anayeishi naye, hajazoea bado. "Binti yangu mheshimiwa wa bodi," huwaambia majirani, "na nauli ya kwendea kikaoni anakopa kwangu." Si utani mtupu. Wajumbe wa nje hupewa posho ya kikao. Wafanyakazi hawapewi, na saa wanazokaa kikaoni hulazimika kuzifidia.

Mchana, nje ya chumba cha kompyuta ambako bodi hukutana, karani anagawa karatasi. Ajenda ya tano ni kubana matumizi, kwa kuwa ruzuku imepungua. Sehemu ya kwanza, kufunga madarasa ya jioni, Mama Miwani aliijua tangu wiki iliyopita. Sehemu ya pili imeongezwa leo: wahudumu wa karakana wapunguzwe kutoka watatu hadi wawili.

Anaisoma amesimama. Kwa utaratibu wa chuo, wa kwanza kuondoka ni wa mwisho kuingia katika kitengo. Miaka ya ufagio haihesabiwi. Wa mwisho kuingia ni yeye.

Mtunza stoo, ambaye ndiye aliyemfanyia kampeni ya uchaguzi, anamvuta kando ya ukuta.

"Umeiona? Leo ndiyo leo, Mama. Waombe sehemu ya pili iahirishwe. Wakiiahirisha, tunapata muda wa kujipanga."

"Zamu yangu nimeshaitoa."

"Umempa nani?"

Anaonyesha kwa kidevu. Dobi amekaa kwenye benchi, midomo inacheza, anajifundisha maneno.

"Yule? Umemjua lini?"

"Asubuhi."

"Asubuhi!" Mtunza stoo anashika kichwa. "Wewe mwanamke, mimi nimekuombea kura mpaka sauti ikakauka, halafu unagawa ulimi wetu kama peremende? Msemee mwenyewe, useme na letu. Atakushtaki wapi?"

"Nilimwambia atasema mwenyewe."

Mama Miwani anajaribu njia nyingine: mjumbe mwingine aombe sehemu ya pili iahirishwe. Anamwendea mwakilishi wa walimu, ambaye amejiandaa kutetea mwalimu wa jioni na hawezi kuacha. Anamwendea mwajiri mmoja, naye anaendelea kuangalia simu yake. Mwakilishi wa wanafunzi yuko mafunzo ya kazini, mbali. Kengele inapigwa.

Ndani, mashine zimefunikwa vitambaa na meza zimesogezwa ziwe duara. Mwenyekiti, muuguzi mstaafu mwenye sauti ya wodini, anaongoza bila kupoteza muda. Ajenda ya tano inafika. Mkuu wa chuo anaeleza bila ukali: umeme wa jioni ni ghali, na waliojiandikisha wamekuwa wakipungua kila muhula. "Hakuna anayependa kufunga darasa," anasema. "Lakini hatuwezi kufundisha viti."

Wajumbe wanazungumza mmoja mmoja. Hakuna anayegusa sehemu ya pili, isipokuwa mwajiri anayesema ni busara. Mtunza stoo, aliyesimama nyuma na wasikilizaji, anakohoa kwa nguvu.

"Mjumbe wa wafanyakazi," anaita mwenyekiti.

Mama Miwani anasimama.

"Zamu yangu nampa mkazi huyu."

Mwenyekiti anavua miwani yake. "Umesoma sehemu ya pili?"

"Nimesoma."

"Na unajua hairudi?"

"Najua, Mwenyekiti."

Anakaa. Dobi anasimama, na maneno yote aliyojifundisha yanamtoroka. Anageuka kumtazama Mama Miwani amsaidie. Mama Miwani hana ruhusa ya kutamka neno. Anachoweza ni kumsogezea glasi ya maji, na anaisogeza.

Dobi anakunywa yote. "Mimi nafua nguo," anasema. "Mnasema watu hawajiandikishi. Mimi nimekuja kujiandikisha mara nyingi. Kila nikifika, dirisha la usajili limefungwa. Linafungwa saa tisa. Mimi natoka kazini saa kumi na moja. Sasa mtu wa darasa la jioni ajiandikishe saa ngapi? Pale nje huwa hatuko wachache. Tunagonga, tunarudi nyumbani."

Mkuu wa chuo anaangalia dari, kisha karatasi zake. Mama Miwani anainamisha kichwa: hupita mbele ya dirisha hilo kila siku, na hakuwahi kujiuliza.

"Kumbe," anasema mwenyekiti polepole, "hatukuwa tunafundisha viti. Tulikuwa tumewafungia nje wenye viti."

Kura zinapigwa. Madarasa ya jioni yanabaki muhula ujao, na dirisha litafunguliwa hadi jioni kuanzia leo hii. Sehemu ya pili inapita. Mikono iliyoikataa ni miwili, wa mwalimu na wa Mama Miwani.

Kwenye korido, mtunza stoo hana tena hasira, amechoka tu. "Mwisho wa mwaka utakuwa nje. Na kiti cha bodi kinakwenda na kazi."

"Nitagombea kama mkazi," anajibu Mama Miwani. "Nitafungua kibanda cha kuchomelea milango na madirisha, nigombee. Karatasi inayoletwa siku ile ile ya kikao isipigiwe kura. Nataka nikalisemee hilo kwanza."

Dobi amesikia. Uso umembadilika. "Dada, zamu ile ilikuwa ya kuokoa kazi yako? Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia, ungeichukua?"

"Nisingeichukua!"

"Haya basi." Mama Miwani anamshika mkono, anamgeuza kuelekea mwanga wa dirisha la usajili. "Kajiandikishe. Nami naenda kufidia saa zangu za kikao."