Taa za Ukungu za Gari la Maharusi

Plastiki ya waya iliyeyukia viganjani mwangu, na bado nilikuwa navuta. Taa zote zimezimika kwa mpigo, gari limeingia mtaroni kwenye mteremko wa kwenda Murungu, ukungu umetanda hata boneti siioni, moshi unatoka chini ya dashibodi. Ningeruka nikaliacha liungue. Sikuruka. Gari halikuwa langu.

Lilikuwa gari dogo la Kiingereza, la zamani, la mashindano, viti viwili, paa halina. Bosi wangu, mfanyabiashara wa Kasulu, alilinunua kwa mzungu mzee aliyekuwa anarudi kwao, akawa analikodisha kubeba maharusi. Dereva mimi. Yule mzungu kabla ya kuondoka alinishika bega akanionyesha betri: gari hili chanya ndiyo imefungwa kwenye bodi, siyo hasi kama magari mengine. Usikubali mtu aigeuze. Mimi darasa la tatu sikumaliza, lakini hilo nililishika.

Ikaja harusi ya Kibondo. Bibi harusi achukuliwe alfajiri, na alfajiri za huku mnazijua. Bosi akasema zifungwe taa za ukungu. Akamwita fundi wa stendi anayefunga taa za bodaboda. Fundi akafunga mbili kwenye bampa, za LED, akaunganisha alivyozoea kwenye pikipiki. Haziwaki. Akatazama betri, akacheka.

"Nani huyu kafunga betri kinyume?"

"Fundi, usiguse. Ndivyo lilivyo."

"Ehe! Umeme umesomea wapi, mzee? Kambini Mtabila?"

Stendi nzima ikacheka. Uraia ninao, cheti kipo, lakini nikifungua mdomo naambiwa Mtabila, ile kambi ya wakimbizi wa Burundi. Bosi naye alicheka. "Muache fundi afanye kazi. Wewe kazi yako usukani."

Akaigeuza. Taa zikawaka, nyeupe, nzuri kweli. Bosi akapiga makofi, nami nikashika njia ya Kibondo.

Fundi mwingine, aliyelitengeneza baadaye, ndiye aliyenieleza: dainamo ilibaki inachaji kwa mpango wake wa zamani, ikapigana na betri njia nzima mpaka waya zikashika moto. Na fyuzi yule wa stendi hakuweka.

Leo vidole vyangu havikunjiki. Jembe silishiki, usukani ndiyo basi. Mke wangu ananimegea ugali kama mtoto. Siku ile alisema "Mana yanje", Mungu wangu, mara moja tu. Gari limepakwa rangi. Jumamosi linapita na maua yake, betri imerudishwa vilevile nilivyosema mimi. Na kule polisi, bosi aliandikisha kwamba dereva alichezea waya. Nilichezea!

Pole zenu sizitaki. Nawataka fundi yule na bosi wangu wasimame palepale stendi, mbele ya waliocheka, waseme nani aliigeuza betri na nani alimruhusu. Waseme wakiitazama mikono hii.