Kichupa cha Insulini Katikati ya Bia

Saa nne asubuhi lori la bia linaondoka, na Hildegarda Mkude anabaki na kreti za kupanga kwenye friji. Ni mhudumu wa baa hapa Mikumi, kando ya barabara kuu iendayo Zambia. Nyuma ya soda, ndani ya kopo la majani ya chai, ameweka kichupa kisichouzwa: insulini ya binti yake Ida, mwenye miaka kumi na miwili.

Ida ana kisukari. Kongosho lake limeacha kutengeneza insulini, hivyo sukari hujaa kwenye damu bila wa kuiondoa. Asipochomwa sindano asubuhi na jioni, atakufa. Dawa hutoka Morogoro, nayo mama yake huisafirisha ndani ya chupa ya chai iliyojaa barafu. Ikifika inataka ubaridi, na joto la Mikumi halina huruma.

Zahanati ina friji. Hildegarda aliomba pembe moja tu, akajibiwa kwamba friji ile ni ya chanjo na ndiyo kanuni. Haya, kanuni ni kanuni. Lakini tangu biashara iwe huria, barabara hii imejaa majokofu, na dereva wa Tunduma hanywi bia ya moto hata siku moja. Mlevi ana baridi yake. Mtoto mgonjwa hana, na hakuna mkubwa anayeona haya.

Mwezi Agosti dereva mmoja alijichukulia soda mwenyewe, akakuta kopo, akaona sindano. Kufika jioni baa nzima ilinong'ona kwamba Hilda ana ngoma, yaani UKIMWI. Mwenye baa, Urbanus, akamtaka aondoe vitu vyake kwa kuwa wateja wanahama.

Mwenzake wa zamu, Magreti, alimwonea huruma. Usiku ule alikificha kichupa kwenye sehemu ya barafu, chini ya samaki, asikopeleka mkono mteja. Alidhani dawa inayopenda baridi itatunzwa vizuri zaidi na barafu. Hakujua kwamba insulini ikishaganda imekwisha kazi, hata ikiyeyuka. Nani angemwambia? Asubuhi alikirudisha kwenye kopo, na Hildegarda akaendelea kumchoma mwanawe dawa iliyokufa.

Ida akaanza kutapika, akihema kama aliyekimbia. Alikuja kufumbua macho wodini, Kilosa, ambako daktari alimweleza mama yake kilichotokea.

Magreti bado analia akikumbushwa. "Simlaumu," anasema Hildegarda. "Yeye angalau alinitafutia nafasi. Wenye nafasi ndio walioninyima."

Urbanus naye alilegeza msimamo baada ya kumwona mtoto, kopo likabaki, ila mpaka Desemba tu. Hapo friji mpya itafika, yenye mlango wa kioo, na kila kilichomo kitaonekana barazani.

Juma lililopita Nikolaus, mtafiti wa chuo kikuu aliyekuwa akielekea Iringa, alipumzika hapo. Alisimulia kwamba ughaibuni wataalamu huweka seli za kongosho ndani ya kipande cha kioo chenye vijifereji vyembamba kama unywele, wakapitisha maji yenye sukari, kisha wakatazama zinavyoitikia kwa kutoa insulini. Kioo kizima hutunzwa kwenye joto lisiloyumba usiku na mchana. Huenda siku moja tiba ikatokea humo.

"Nilifurahi, kweli kabisa. Waendelee kuzichunguza," anasema Hildegarda. Kisha sauti inabadilika. "Ila seli zinalindwa hivyo, halafu mwanangu ambaye zake zimekufa analindwa na kopo la majani?"

Sitaki kumjibu kwa niaba ya mtu yeyote. Wenye jibu wanakaa kwenye kamati ya afya ya kata, inayokutana Alhamisi. Hildegarda ameomba ruhusa kazini, na hatakwenda peke yake.

"Nakwenda na Ida, saa yake ya sindano," anasema. "Atawaamkia shikamoo, atajichoma mbele yao. Wakishaona, waniambie usoni kwamba friji ya zahanati ni ya chanjo tu."