Nilimpa habari ya msiba akiwa njiani, mtoto mgongoni

Stadi ni uwezo wa kutenda jambo sawasawa kila linapohitajika, si kwa kubahatisha. Waajiri huzigawa hivi: ngumu ni zile zinazofundishwa darasani na kupimwa kwa mtihani, laini ni namna mtu anavyojitawala, kama vile subira na kusikiliza, za kijamii ni namna anavyoishi na wenzake, akajua neno gani lisemwe wapi na nani. Naanza na maana hizi kwa sababu nilizijua zote siku nilipotenda haya ninayowaandikia, na hazikunisaidia.

Mimi ni mwanamume wa miaka thelathini na tisa, nina mke na watoto. Naomba jina langu lifichwe. Nilizaliwa katika familia ya wakulima wa kahawa Mbozi, nikasoma hadi shahada ya pili, na sasa nasimamia hati za forodha katika kampuni ya usafirishaji hapa Tunduma. Kwa stadi ngumu sitiliwi shaka: hati niliyoiandaa mimi hairudishwi mpakani.

Miezi michache iliyopita dereva wetu mmoja, nimwite Baraka, alianguka ghafla kwenye foleni ya malori akisubiri kuvuka kwenda Zambia. Alifariki kabla ya kufikishwa hospitali. Mkuu wetu alikuwa safarini, hivyo jukumu la kuiarifu familia likawa langu. Mke wa Baraka anaishi Ndalambo.

Kwetu habari ya namna hiyo haipelekwi kwa mke kwa simu. Hutafutwa kwanza ndugu wa marehemu, wanawake watu wazima hutangulia nyumbani, mke huambiwa kwamba mgonjwa amezidiwa, hukalishwa mkekani katikati yao, ndipo mkubwa mmoja hutamka. Nimeyaona hayo tangu utotoni. Hata hivyo, nilipokuwa chuoni nilikwisha kuyahukumu. Niliyaita uongo wenye adabu.

Mhasibu wetu, nimwite Atupele, aliniona nimeshika simu.

"Kaka, usimpigie yeye. Namtafuta baba mdogo wa marehemu."

"Madereva wameshaanza kuandikiana. Ataipata kwenye makundi ya simu. Afadhali aipate iliyo sahihi."

"Sahihi sawa, lakini yuko wapi saa hizi? Yuko na nani?"

"Hilo halibadilishi ukweli," nikamjibu, nikapiga.

Sauti iliyopokea ilikuwa changamfu. "Haloo, nani mwenzangu?"

Nikajitambulisha kwa jina kamili na cheo. Akacheka. "Shikamoo bosi! Huyo dereva wako nampigia hapokei. Au ameshapata Mzambia huko?"

Nikasema, "Nasikitika kukuarifu kwamba mume wako amefariki dunia leo asubuhi." Nikadhani hajasikia, nikarudia maneno yale yale. Kisha nikaendelea na swali lililofuata katika utaratibu: "Mwili tuulete huko, au mtaufuata?"

Nilisikia kitu kizito kikianguka, halafu ukelele, halafu mtoto akilia.

Alikuwa akitoka mashineni, ndoo ya unga kichwani, mtoto mgongoni. Alianguka kwa ubavu, na mtoto akavunjika mkono. Wapita njia ndio waliowaokota. Atupele alipoletewa habari hizo hakunigombeza. Alisema tu, "Kule kuficha siyo kumdanganya mtu, kaka. Ni kumtafutia pa kuangukia."

Lipo jambo ambalo sijamwambia hata mke wangu. Nilipokata simu ile, nilihisi nafuu. Kazi ilikuwa imekwisha. Nikarudi mezani, nikakamilisha hati za siku hiyo, wala sikukosea tarakimu. Mazikoni sikwenda, nilisema nina kikao.

Mkono wa mtoto umepona. Mimi ndiye nimekuwa mzaha. Juzi nilipita uani madereva wakinywa chai, mmoja akaniita. "Bosi, mimi nikidondoka, usimpigie mama watoto. Mwachie dada Atupele."

Mwenzake akadakia, "Akipiga huyu mnazikwa wawili siku moja!"

Wakacheka. Nami nikacheka, kwa kuwa sikujua uso wangu niuwekeje.

Sasa ndugu wa Baraka wanamaliza matanga mwishoni mwa mwezi huu, na ofisi imealikwa Ndalambo. Mjane amemuuliza Atupele kama "yule wa simu" naye atakuja. Hakueleza ananitakia nini. Tangu hapo nimekuwa nikitunga maneno ya kumwambia, nikiyasahihisha, na kila ninapoyasoma yanafanana na hati nyingine yoyote niliyowahi kuandaa: hayana kosa, na hayana mtu ndani yake.

Nilikwenda Mbozi kumweleza mama yangu. Alinisikiliza mpaka mwisho, mikono yake ikichambua maharage. "Ukifika usihutubie," akasema. "Kaa chini na wenzako. Nyamaza. Ulie, kama unaweza."

Kukaa chini naweza kujifunza. Kunyamaza pia naweza. Hizo ni stadi, na mimi ni mwanafunzi mzuri. Ni hayo maneno yake matatu ya mwisho yanayoninyima usingizi. Sijui kama ninachokibeba ni uchungu wa yule mjane au ni aibu yangu tu iliyovaa nguo za uchungu. Nisipokwenda, nitakuwa nimemkimbia mara ya pili. Nikienda, atanitazama usoni akitafuta kitu ambacho sina hakika kama kimo.

Ninyi mliowahi kupokea habari kama ile, na ninyi mliowahi kuipeleka, nielekezeni bila kunionea huruma. Niende? Na mtu anayejifunza namna ya kuonekana ameumia, je, hatimaye amepata ile stadi aliyoikosa, au anakwenda kumwambia mjane uongo wake wa kwanza?