Kofia Nyeupe na Boneti Nyekundu

Nakumbuka Alhamisi moja, mwanangu, nilipopaka rangi ya viatu kwenye gari la mtu. Usicheke bado.

Ilikuwa miaka ya mwisho ya tisini. Nilikuwa nimerudi Rwanda, nchi ya wazee wangu, kutoka Kigoma, nilikozaliwa na nilikozika wazazi wangu wote wawili, nikapanga chumba hapa Mbugangari, karibu na mpaka wa Goma. Sikuwa na shangazi wala mjomba wa kunijibia mtu akiuliza mimi ni wa nani. Nilikuwa na mikono miwili, juzuu chache za Kurani kifuani, na kiburi cha kujaza gunia. Alhamdulillahi, Mungu hakuniacha nitembee na vitu hivyo vitatu peke yangu. Alinipa Papa Ramazani.

Papa Ramazani alikuwa Mkongo wa Goma aliyehamia upande wetu zamani, mtu mfupi wa miaka sitini na kitu, mwenye karakana ya rangi za magari nyuma ya nyumba yake. Wenzake mjini walikuwa wepesi wa kupulizia rangi mpya juu ya kila kitu. Yeye hakupenda. Gari lililochakaa likiletwa, kabla hata ya kulimwagia maji, alifungua kile kifuniko kidogo cha tangi la mafuta akamwita mwenyewe aje kuchungulia.

"Unaona hapa? Jua haijafika hapa. Hii ndiyo mutuka yako," alisema, kwani ndivyo Wakongo wanavyoliita gari. "Rangi haijakufa. Imefunikwa tu. Sisi tutaitafuta."

Nimesoma kwa masheikh wenye elimu, mwanangu, lakini sijapata darsa fupi kama lile kuhusu moyo wa binadamu.

Siku moja akaja Mwalimu Deo, mtu wa Nyundo, Mkatoliki wa misa ya kila asubuhi. Alikuwa na gari dogo jekundu, ila wekundu wenyewe ulibaki kwenye kadi tu. Lilikuwa limekaa miaka juani kwa dada yake, likapauka likawa na unga mweupe. Ukiliegemea, suruali inaondoka na unga. Ubavuni lilikuwa na mikwaruzo ya miti na ya watoto.

"Gari langu limekuwa kama ulimi wa mgonjwa wa malaria," Mwalimu alisema. "Wananiambia niuze. Bon, mimi sitaki gari jipya. Nataka langu."

Papa Ramazani alipitisha ukucha juu ya mikwaruzo, mmoja baada ya mwingine. Ukucha ukipita bila kukwama, mkwaruzo ni wa juu, utatoka kwa kusuguliwa. Ukikwama, umefika ndani, unahitaji rangi. Tulilisogeza gari kivulini, tukaliosha kwa sabuni na maji mengi, kisha tukaanza kusugua kwa kitambaa laini na dawa ya kopo, kipande kwa kipande, kisichozidi upana wa sinia. Unga ukatoka na rangi iliyokufa, vitambaa vikawa vyekundu. Mwalimu alipoviona alishika kichwa.

"Yebaba we! Mnanivua rangi yote!"

"Tulia, Mwalimu," Papa Ramazani alicheka. "Ngozi iliyokufa ndiyo inatoka. We ukioga, unalilia uchafu?"

Katika kazi ile kulikuwa na sheria moja kubwa kuliko zote. Unaujua udongo wa huku kwetu: ni mawe ya volkano yaliyosagika. Ushike kiganjani, usugue, utasikia meno yake. Kwa hiyo kitambaa kikianguka chini, hakirudi kwenye gari. "Kitambara imeanguka, imekufa," Papa Ramazani alisema. "Mutu hafufue maiti."

Sasa nikueleze kilichokuwa moyoni mwangu, maana bila hicho hutanielewa. Nilikuwa nimempenda binti mmoja wa Goma, jina lake Zaina. Baba yake alikuwa fundi cherehani, mtu wa maneno machache. Nilipotuma salamu, alijibu: kijana huyu hana ukoo hapa, basi aje na mtu anayemjua. Papa Ramazani alikubali kuwa mshenga wangu, na tulipanga kuvuka mpaka Jumapili. Kama yeye asingesimama, hapakuwa na mwingine. Zaina angeolewa na mtu mwenye wajomba.

Alhamisi ile Papa Ramazani alikwenda kumwangalia mgonjwa, akaniachia boneti. Mlango mmoja ulikuwa umebaki pia, lakini huo alisema tutaufanya pamoja. "Pole pole, Idi. Mwalimu anakuja kesho asubuhi, mbele ya sala ya Ijumaa. Isipoisha, atangoja."

Mimi niliona kungoja ni aibu. Nilitaka akirudi akute nimemaliza vyote, ili Jumapili awe na la kunisifia kwa baba Zaina. Mwenye pupa hadiriki kula tamu. Methali hiyo nilikuwa naijua tangu utotoni. Mlango niliupitia mbio mbio, kisha nikaingia kwenye boneti, na katikati yake kitambaa kikaniponyoka. Nilikiokota, nikakikung'uta mara mbili pajani, nikaendelea. Nilipofuta dawa, boneti nzima ilikuwa na miduara ya mikwaruzo, kama mtu aliyesugua sufuria kwa mchanga.

Kosa la kwanza, mwanangu, mara nyingi ni dogo. Ningeacha hapo, lingekuwa kitambaa kilichoanguka tu. Badala yake nilikaza mkono ili kuifuta ile miduara. Sasa, rangi huwa nyembamba zaidi pale bati linapokunjwa, kwenye ule mgongo wa boneti. Nikasugua mgongo ule mpaka likatokea doa la kijivu, pana kama kidole gumba. Ilikuwa rangi ya msingi. Nilikuwa nimelivua gari la watu nguo.

Chumbani nilikuwa na kopo la rangi ya viatu, nyekundu iliyoiva, niliyoinunua kwa ajili ya viatu vyangu vya posa. Nilikwenda kulichukua. Nikapaka, nikapuliza, nikapaka tena. Kisha nikapitisha mafuta kidogo boneti nzima, na ile miduara ikafichika. Nakwambia kweli, ilipendeza. Na nilipokuwa napaka nilikuwa nikimtaja Mungu kwa ulimi, mimi niliyehifadhi hadithi ya yule muuza nafaka aliyeficha punje zenye maji chini ya kavu, mpaka Mtume akatia mkono ndani ya lundo akaupata unyevu. Niliijua kwa Kiarabu na kwa Kiswahili. Kuihifadhi kulikuwa jambo moja, na kuifuata jambo jingine.

Ijumaa asubuhi Mwalimu Deo alifika akazunguka gari lake akiimba. Papa Ramazani alikuwa tayari kwa msikiti: kanzu nyeupe, kofia nyeupe iliyofuliwa na kupigwa pasi. Alipitisha kiganja kwenye mlango, akanitazama. Akapitisha kwenye boneti. Alipofika mgongoni, kiganja kikasimama.

Alivua kofia yake, akaikunja, akaifuta mara moja juu ya bati. Ikatoka na alama nyekundu, ndefu kama kovu. Chini yake kijivu kikatuchungulia.

"We Idi," alisema kwa sauti ndogo. "Mi sina swali. Mwalimu ndiye iko na gari. Ongea na Mwalimu."

Ningeweza kusema sijui. Ningeweza kusema ni dawa mbaya. Nilichoona mbele yangu ni Jumapili ikiondoka. Lakini kofia ile ilikuwa mkononi mwake. Nikasema yote: kitambaa, miduara, doa, rangi ya viatu, mafuta.

Mwalimu Deo aliinama akaligusa doa kwa kidole. "Rangi ya viatu," alisema. "Donc ungeniachia na brashi, niwe nalipiga kiwi kila Jumapili kabla ya misa." Kisha akaacha mzaha. "Kwetu tunasema: ukuri guca mu ziko ntigushya. Ukweli hupita motoni usiungue. Umeungua wewe kidogo, lakini ukweli umepita. Nitalifuata likiisha."

Papa Ramazani akaivaa kofia yake, doa likiwa mbele, juu ya kipaji.

"Papa, nipe niifue," nilimwomba.

"Utafua siku mutuka itaisha. Mbaka siku ile, mi navaa kazi yako."

Akaenda nayo msikitini hivyo hivyo. Watu walimuuliza, na kila aliyeuliza alijibiwa, "Ni rangi ya karakana yangu." Hakunitaja. Mwanangu, laiti angenitaja.

Jumamosi sikuthubutu kuuliza habari ya posa. Jioni yeye ndiye aliyesema, "Kesho saa tatu. Usichelewe." Na Jumapili alitoka amevaa kanzu safi, na kofia ile ile.

Tulivuka kwa miguu hadi kwa baba Zaina. Fundi cherehani haoni uso wako kabla ya kuona nguo yako. Hata chai haijamiminwa, akauliza:

"Papa Ramazani, kofia yako imepata nini?"

"Uliza huyu kijana."

Nikarudia yote mbele ya mtu ambaye nilitaka anipe binti yake. Nyuma ya pazia, vikombe vilivyokuwa vikigongana vilinyamaza. Mficha uchi hazai, walisema wahenga, nami siku ile sikubakiwa na uchi wa kuficha.

Baba Zaina alimgeukia mshenga wangu. "Na mutu wa vile, unanileteya?"

"Ulisema nilete mutu mwenye ninamujua," Papa Ramazani alijibu. "Mbele ya Ijumaa sikukuwa namujua. Nilijua mikono yake tu. Sasa nimemuona akificha, na nimemuona akisema. Wengine watakuja hapa na shati safi, doa yao utaiona ndoa ikishapita. Ya huyu iko hapa, kwa kichwa yangu."

Yule mzee alikuna kidevu. "Ile gari itaisha lini?"

"Juma mbili, Mungu akipenda."

"Bon. Murudi siku ile. Muje nayo."

Majuma yale mawili yalinifundisha kazi. Doa tulilisugua kwa msasa laini wa maji, tukalipaka rangi iliyochanganywa ifanane na ile ya chini ya kifuniko cha tangi, koti jembamba, kisha kungoja, kisha koti jingine, kisha kungoja tena siku nyingi. Miduara niliitoa kwa mkono mwepesi kama mtu anayempangusa mtoto uso. Kitambaa kikianguka, nakitupa. Nilitupa vinane.

Siku ya kurudi Goma, Mwalimu Deo alisema gari lake haliendi posa bila yeye, akatuendesha mwenyewe. Baba Zaina alitoka na kipande cha kitambaa cheupe kutoka kwenye meza yake ya kushonea. Hakutusalimia kwanza. Aliinama, akafuta mgongo wa boneti mara moja, akakitazama. Akafuta mara ya pili kwa nguvu zaidi. Kikabaki cheupe.

"Zaina," aliita kuelekea ndani, "leta chai. Wageni ni watatu."

Jioni ile niliifua ile kofia. Doa halikutoka lote. Lilibaki la waridi hafifu, na Papa Ramazani aliivaa miaka mingi hivyo, Mungu amrehemu. Zaina husema hadi leo kwamba aliolewa na kofia kwanza, mimi nikafuata.

Basi, mwanangu, nasaha yangu ni hii. Kitambaa kikikuponyoka, kiache chini. Usione aibu kuchukua kingine, hata kazi ikichelewa. Ukikosea, simama kwenye kosa la kwanza, maana la pili huwa ni la kulificha lile, na la pili ndilo linalochimba mpaka kwenye bati. Ukiwa umeshaficha, sema wewe kabla hujafutwa na mkono wa mwingine. Na usimdharau mtu aliyepauka, wala usijidharau wewe mwenyewe. Pana mahali ndani yako jua halijafika, na rangi aliyokupa Muumba wako bado iko pale. Itafute kwa mkono mwepesi.

Mungu akupe mkubwa atakayekubali kuvaa doa lako hadharani, akupe na ulimi wa kulisema. Siku utakayopitishiwa kitambaa cheupe, kitoke cheupe. Amin.