Sista Kikopo na Benchi la Macho

Alizaliwa akitanguliza miguu, alfajiri ya tarehe 9 Machi mwaka 1948, katika chumba cha nyuma cha duka la fundi saa, na mkunga aliyempokea alikiri hadi uzeeni kwamba hajawahi kuogopa vile. Mtoto alitoka kimya kama jiwe. Baba yake, fundi saa mwenyewe, alikuwa amekwisha kuvua kofia na kuikumbatia kifuani, pale mtoto alipopiga chafya. Hakulia, alipiga chafya. Mkunga akacheka huku machozi yakimtiririka, akasema huyu ameingia duniani kwa mlango wa uani, mshikeni vizuri. Alibatizwa siku ileile kwa hofu kwamba hatafika jioni. Alifika jioni ile, na jioni nyingine zaidi ya elfu ishirini na tatu.

Alipokuwa na miaka kumi na mitatu, wateja wa baba yake walianza kunung'unika kwamba saa zinarudi zikiwa mbovu kuliko zilivyokwenda. Siku moja binti aliichukua taa iliyokuwa mezani upande wa kushoto wa baba ili aifute kioo. Baba akaendelea kuipapasa taa pale ilipokuwa, kama vile bado ipo. Binti alisimama na ile taa mkononi. Hospitalini waliambiwa kwamba ni presha ya jicho, ugonjwa usiouma, uliokwisha kulila jicho la kushoto miaka mingi iliyopita, na la kulia limebaki uwazi mdogo kama tundu la ufunguo. Nyumba nzima ilipigwa na butwaa. Mtu alikuwa amekaa nao mezani, amewatania, amewakemea, naye hawaoni. Mama alipomuuliza mbona hakusema, fundi saa alijibu, "Ningesema nini, mke wangu? Lilikuwa linaondoka kidogokidogo, kama mgeni asiyeaga." Tangu siku hiyo binti alisema wazi kwamba atakuwa mtu wa kutazama macho ya watu kabla hawajajua kuwa wanaumwa. Mwaka 1967 aliingia utawani, akasomea uuguzi, kisha utabibu wa macho, na mwaka 1974 shirika lake likampeleka katika hospitali ya misheni ambako alifanya kazi hadi mwisho wa maisha yake.

Hospitali ile ilikuwa na utaratibu wake, na ni lazima ueleweke, kwa maana humo ndimo yalimotokea yote. Katika baraza ndefu ya wagonjwa palikuwa na mabenchi matano yaliyopakwa rangi: la kwanza la macho, la pili la kifua, la tatu la figo na tumbo, la nne la mifupa, na la tano liliandikwa "Mengineyo". Bawabu, mzee mwenye sauti kama tarumbeta, aliuliza kila aingiaye, "Unaumwa wapi?" na kwa jibu hilo akamwonyesha benchi. Aliyesema amechoshwa na mumewe alielekezwa benchi la tano, na baraza nzima ikacheka. Kila benchi lilikuwa na chumba chake, vyombo vyake na siku zake. Kifaa cha kupimia presha ya damu kilikuwa chumba cha pili. Vikopo vya mkojo vilikuwa chumba cha tatu. Sista wa macho alikuwa na kurunzi yake ndogo ya kutazamia ndani ya jicho, kabati la matone, na mstari wa watu themanini kwa siku. Alikuwa hodari, na alijua kuwa ni hodari, na kujua huko ndiko kulikomponza.

Mwezi wa Mei mwaka 1983 alikuja mwanamke muuza mkaa, amemshika mkono binti yake wa miaka saba. Alisema mtoto anaamka macho yamevimba hata hayafunguki. Bawabu aliposikia "macho" akaonyesha benchi la kwanza. Lakini muuza mkaa hakuweza kufunga biashara kabla ya saa tano, na kufika hospitali ikawa saa sita na nusu, wakati ambao kope za mtoto zilikuwa zimekwisha kunywea. Sista alizifunua, hakuona usaha, hakuona kidonda, akasema ni mzio wa vumbi la mkaa, akatoa matone. Wiki iliyofuata wakarudi, akatoa matone mengine. Wiki ya tatu, siku ya Jumanne, mama aliongeza kwamba mkojo wa mtoto umekuwa mweusi kama chai ya rangi. Sista alikuwa ameinamia jicho la mtu mwingine. Alimjibu kwa upole, bila kuinua kichwa, kwamba hilo ni la benchi la tatu, na benchi la tatu ni Alhamisi.

Jumatano asubuhi mtoto aliletwa akiwa anatupwa na degedege. Alipotulia aliuliza kwa nini wamezima taa, na ilikuwa saa tatu ya asubuhi, jua linawaka dirishani. Wakamwita Sista wa macho kwa kuwa ni mgonjwa wake. Aliwasha kurunzi yake, na nyuma ya lile jicho aliona mishipa iliyobanwa na madoa ya damu, mambo aliyozoea kuyaona kwa wazee wenye presha kubwa. Alikimbia mwenyewe chumba cha pili kuleta kipimo. Presha ya mtoto yule wa miaka saba ilikuwa ya kumwangusha mtu mzima. Alimbonyeza mguu kwa kidole gumba, na shimo likabaki pale, halikujaa. Akaona sasa makovu ya upele miguuni, upele ulioota usaha ukaenda kuziumiza figo, nazo figo zikafunga maji mwilini na kupandisha damu kichwani. Yote yalikuwa mwilini mwa mtoto tangu siku ya kwanza, juu ya benchi lililopakwa rangi. Mtoto alifariki Ijumaa, saa nane mchana.

Daktari mkuu aliandika kwenye cheti kwamba kifo kimetokana na degedege la homa. Jumatatu Sista alikwenda kwa Mama Mkuu wa shirika akiomba ruhusa ya kumwambia mzazi ukweli. Mama Mkuu hakuwa mtu mbaya. Alilia naye. Kisha akamweleza kwamba watu wa mji ule walikuwa wameanza majuzi tu kuiamini hospitali, na neno hilo likitoka, wengi watarudi kufia majumbani. "Funika kombe mwanaharamu apite, binti yangu," alimwambia. "Mtoto hatarudi. Utakuwa umewaua na wengine kwa ulimi." Sista aliingia kanisani baada ya chakula cha mchana na hakutoka hadi kengele ya sala ya jioni. Alikuwa na nadhiri ya utii, na hakuwahi kuivunja. Alirudi kwa Mama Mkuu, akapiga magoti, akasema, "Mama, sikuombi ruhusa ya kuichafua hospitali. Ninaomba kwenda kutaja kosa langu peke yangu." Mama Mkuu alisema hatamruhusu na hatamzuia.

Kesho yake asubuhi mapema alifika msibani. Wanawake walikuwa wamekaa chini ukumbini, na walipomwona Sista wakampisha kwa heshima, wakidhani ameleta rambirambi. Hakukaa. Alisimama mbele ya muuza mkaa, akasema, "Mama, mtoto wako hakufa kwa homa. Alikuwa anaumwa figo. Nilimtazama mara tatu na sikumwona. Uliniambia habari ya mkojo, nikakuambia uje Alhamisi. Nimekosea mimi."

Wengi waliokuwamo wamesimulia kwamba waliwahi kusikia daktari akimlaumu mgonjwa, na muuguzi akimlaumu ndugu wa mgonjwa, lakini hili hawakuwahi kulisikia, na hawakujua waelekeze wapi macho yao. Shangazi wa marehemu ndiye aliyezinduka kwanza. Alivua ndala akamrushia, ikampiga shavuni. Sista hakuinua mkono. Lakini muuza mkaa hakulia wala hakupiga kelele. Alimkazia macho, akauliza kwa sauti ndogo, "Figo ndizo zinazovimbisha macho?"

"Ndiyo, Mama. Hasa asubuhi."

Muuza mkaa aliinuka, akaingia chumbani, akatoka amembeba binti yake mdogo wa miaka minne, ambaye alikuwa ndiyo kwanza anaamka. Kope zake zilikuwa zimefumba kwa uvimbe, nyeupe na laini. Waombolezaji walishika vinywa. Walikuwa naye humo ndani siku tatu nzima, wamemlisha na kumpakata, wote wakisema macho yamemvimba kwa kumlilia dada yake. Sista alipiga goti, akambonyeza mguu, na shimo likabaki. Alimfunga mtoto mgongoni kwa kanga ya mmoja wa wanawake, akatoka mbio, mama nyuma yake, na matanga yote yakawafuata barabarani.

Mtoto yule alikaa wodini wiki sita. Alinyimwa chumvi, akapimiwa maji kwa kikombe, akapewa dawa za kushusha presha na sindano za kumaliza usaha wa upele. Sista alimpima mkojo kila asubuhi, akiuinua dirishani kwenye mwanga, hadi siku uliporudi kuwa wa rangi ya majani makavu. Siku ya kuruhusiwa, muuza mkaa alimbeba mwanawe, akafika mlangoni, akageuka. "Huyu nimempokea," alisema. "Yule sijakusamehe." Sista aliinamisha kichwa, na hakuomba zaidi.

Yakafuata majaribu, na yalikuwa kama Mama Mkuu alivyoyaogopa. Baraza ilibaki nusu tupu. Watoto wa mitaani walimwimba Sista kwamba ndiye mwenye matone ya mauti. Daktari mkuu, aliyeonekana mwongo kwa cheti chake, alimtoa chumba cha macho, akampeleka kwa dobi, na huko alifua mashuka kwa miezi kumi na mitatu bila kunung'unika. Mwezi wa Agosti mwaka 1984 daktari huyohuyo alimfuata kwenye mabeseni, ameshika kadi za wagonjwa. Alikuwa amekaa wiki nzima akifukua kadi za watoto waliopewa matone kwa sababu ya kope kuvimba, na kutuma watu majumbani kuuliza. "Kumi na mmoja, Sista," alisema. "Kumi na mmoja zaidi walikufa, na sisi tuliandika homa." Wakasimama wote wawili katikati ya mvuke, mkubwa wa hospitali na mfuaji wake.

Mabenchi yalipakwa rangi moja mwezi uleule, na Sista akarudishwa chumba cha macho. Tangu hapo kila aliyeingia, awe anaumwa jicho au kidole, alipimwa uzito na presha, akabonyezwa mguu, na kupewa kikopo aende chooni. Bawabu alichukizwa sana na mageuzi haya. Alitangaza kwa tarumbeta yake kwamba dunia imekwisha, mtu analeta jicho anadaiwa mkojo. Ndiye aliyembandika jina la Sista Kikopo, kwa dhihaka, na jina likashika hata watawa wenzake wakalisahau lile la nadhiri. Lakini dereva wa lori aliyekuja kutaka miwani tu alikutwa na sukari ambayo ingemmaliza barabarani. Mwashi aliyeingiwa na mchanga jichoni alikutwa na presha ya kutisha, naye alikuwa apande ghorofani mchana uleule. Bawabu mwenyewe, aliyejaza kikopo ili kuonyesha upuuzi wake, alikutwa na damu kwenye mkojo, akapasuliwa jiwe la kibofu, na hakutania tena kwa mwezi mzima. Watu huyaita mambo haya miujiza. Kanisa halijasema neno, na si juu yetu kulitangulia. Yeye alisema muujiza ni mtu kuulizwa swali la pili.

Kwa miaka ishirini na saba alipita sokoni kila Jumamosi mbele ya magunia ya muuza mkaa, akasalimu, na hakuitikiwa. Alisalimu Jumamosi iliyofuata. Kisha, asubuhi moja ya Oktoba mwaka 2010, muuza mkaa aliinua uso, akamtazama kwa muda, akasema, "Wewe. Macho yako yamevimba. Nenda kakojoe kwenye hicho kikopo chako."

Sista alisimama katikati ya soko kama aliyepigwa. Kwa miaka yote hiyo alikuwa amemwomba kila mtu kikopo, na mwenyewe hajakijaza hata mara moja. Vidonge vya maumivu ya mgongo alivyokuwa akivimeza kila siku tangu enzi za dobi vilikuwa vimemaliza figo zake polepole, na miguu iliyovimba ilifichwa na kanzu ndefu ya kitawa. Wauguzi aliowafundisha walikuwa wamekula naye meza moja, na hakuna aliyeona. Vipimo viliposomwa baadhi yao waliketi sakafuni. Yeye alicheka, akasema mwanafunzi wake bora kuliko wote anauza mkaa.

Kila Jumapili tangu siku hiyo muuza mkaa alikuja wodini alikolazwa Sista, akavuta kiti, akambonyeza mguu kwa kidole gumba chenye weusi usiotoka. Aliliangalia shimo, akasema, "Limebaki," kisha wakakaa. Hakuna aliyesikia neno la msamaha likitajwa, na hakuna aliyethubutu kuuliza. Sista alifariki tarehe 21 Juni mwaka 2011, saa nne asubuhi, akiwa na miaka sitini na mitatu.

Siku ya mazishi padri aliwaomba ndugu wa marehemu wasogee karibu na jeneza. Walisogea mdogo wake wa kiume na watawa, na katikati yao akaja mwanamke mzee, akiongozwa mkono na binti mnene mwenye afya, mama wa watoto wanne. Padri, aliyekuwa mgeni, alimuuliza kwa adabu yeye ni nani wa marehemu.

"Huyu ndiye aliyenijia akaniambia," alijibu muuza mkaa, akachukua nafasi yake.

Hospitali ile hadi leo haimwandikii mtu dawa kabla kikopo hakijarudi, na hilo ni jema. Lakini vikopo vinaweza kununuliwa popote. Anayetaka kumfuata mtumishi huyu wa Mungu na atafute kwanza, katika kazi yake mwenyewe, mtu mmoja aliyemkosea bila mtu huyo kujua. Na aende asubuhi, kabla hajaitwa, akasimame mlangoni pake, akaseme.