Nusu ya Kwanza ya Jina

Mjukuu wangu ana mimba, na amekuja kuniomba jina. Analitaka langu, lote, majina mawili yaliyounganishwa kama walivyopewa wasichana wa zamani. "Nyanya, majina kama hayo siku hizi hayapo," asema. "Yana utamu wake." Utamu! Hadithi yake nikiianza huwa sijui kuimaliza.

Jina langu liliunganishwa kwa sababu ya ugomvi. Nilizaliwa Changamwe miaka ya vita, kifungua mimba, msichana. Kwa desturi ya kwetu msichana wa kwanza huitwa kwa nyanya mzaa baba. Lakini nyanya mzaa mama ndiye aliyenipokea kwa mikono yake, naye alikuwa Mkristo wa siku nyingi, mtu wa gauni la kupigwa pasi hata la kuendea kisimani. Akasema mtoto ni somo yake, aitwe kwa jina lake. Yule wa Likoni, mzaa baba, akasema ni somo yake yeye, na asiposikia jina lake kanisani siku ya ubatizo, mtoto huyo asiletwe mlangoni kwake. Baba hakupenda kelele. Akayaunganisha majina yote mawili, la mama yake mbele, akadhani amemaliza kazi.

Kila nyanya akaita nusu yake. Leso ya Krismasi ikitoka Likoni, nyanya mzaa mama aliikunja akaitia chini kabisa ya sanduku. Gauni alilonishonea yeye sikuthubutu kulivaa nikivuka feri. Wapiganapo fahali ziumiazo ni nyasi, na nyasi zenyewe zilikuwa mimi.

Baba peke yake ndiye aliyelitaja lote. Alikuwa kuli bandarini, na akirudi jioni nusu ya kwanza aliianzia kwenye ua, ya pili akaimalizia mlangoni, nami nimeshafika miguuni pake. Hapo, na hapo tu, lilikuwa tamu.

Nilikuwa ndiyo kwanza nang'oka meno ya mbele kamba ya winchi ilipokatika melini na mzigo ukamwangukia. Baada ya matanga, wazee wa upande wake walikaa uani kwetu wakasema mtoto ni wa ukoo wao, na mama ni kijana bado, ataolewa. Nyanya mzaa mama akasema mimi ni somo yake, siendi popote.

"Na jina la mbele ni la nani?" akauliza nyanya wa Likoni.

Lilikuwa lake. Baba alilitanguliza jina la mama yake kwa heshima tu, na heshima hiyo ndiyo iliyonitoa mikononi mwa mama yangu. Namlaumu hadi leo, marehemu au si marehemu.

Nikapelekwa Shika Adabu, kulekule Likoni, kwa nyanya mzaa baba. Nusu ya pili haikutajwa tena katika nyumba ile. Mama alipokuja mara ya kwanza aliniita tangu njiani kwa jina lote. Nyanya alimkaribisha vizuri, akampa maji ya kunywa, akamwambia nimelala. Nilikuwa nyuma ya nyumba namenya muhogo, nasikia kila neno, na nilikwisha kuonywa kwamba nikitoka nitakiona. Mama akarudi zake Changamwe.

Alikuja tena baada ya mavuno ya korosho. Nilisikia hodi, kisha nusu ya kwanza, ile ya nyanya. Nikangoja ya pili, kisu mkononi. Haikuja.

"Abee, mama," nikaitika, nikatoka.

Nyanya alikuwa anatabasamu, ameshamtolea kiti. Mama alinishika mashavu akaninong'oneza, "Nyamaza, mwanangu. Ndivyo nitakavyopata kukuona."

Tangu siku hiyo hadi alipokufa hakuniita tena kwa jina la mama yake mzazi, hata tukiwa peke yetu. Ulimi ulikuwa umeshazoea. Nilimpenda, na kila aliponiita niliumia.

Mjukuu wangu bado amekaa hapa anangoja jibu. Nimemwambia ampe mtoto jina moja tu, fupi, ambalo yeye mwenyewe hatalazimika kulikata ili afunguliwe mlango.