Mtumbwi Uliojengwa Matongo

Rafiki yangu alijenga mtumbwi Matongo, mahali watu wanapotafuta dhahabu, si samaki. Aliujenga nyuma ya chumba chake cha kupanga, ubao mmoja mmoja, kwa miaka miwili, na watu walimcheka mpaka wakachoka. Yeye ni Mkerewe. Alikuja machimboni kutafuta maisha, akaishia kwenye karasha, mashine ya kusaga mawe, na vumbi la yale mawe likamwingia mapafuni. Mimi ni muuguzi wa zahanati, mtu wa Singida niliyepangiwa kazi huku, na ni mimi niliyemwambia wazi kwamba akiendelea na karasha hana miaka mingi. Akanijibu, "Basi dokta, ngoja nimalize mtumbwi. Nirudi nyumbani nikavue." Hakuwa na kitu kingine cha kurudi nacho.

Mpango ulikuwa kushuka mto Mara kwa siku nne, tukilala kandokando, mpaka darajani Kirumi. Pale binamu yake angetusubiri na boti ya injini, auvute mtumbwi hadi Ukerewe. Tulikuwa watatu: yeye, mimi, na rafiki yetu dereva wa bodaboda, Mkurya asiyejua kuogelea, anayeogopa mamba kuliko anavyoogopa polisi. "Mura, nikifa mtamwambia mama nimekufa kwa ujinga wenu," alisema, kwa lile neno lao la kumwita kijana, kisha akapanda. Ilikuwa Aprili. Nani mwenye akili zake anaingia mtoni Aprili? Lakini kile kifua hakikuwa cha kusubiri kiangazi.

Siku ya kwanza nilimwona mtu mwingine kabisa. Alipiga kasia bila hata kuliangalia, huku akitutukana kwa raha zake. "Dokta, hilo ni kasia, siyo mwiko wa ugali!" Jioni tulifunga turubai upande wa Serengeti, tukala ugali na dagaa, na hakukohoa sana. Nikaanza kuamini kwamba atapona. Mimi, niliyesomea haya mambo!

Siku ya pili mvua ilianza mchana, ya radi na upepo, na haikutuacha. Mmoja alipiga kasia, mwingine akachota maji kwa sufuria. Unga wote ukalowa. Siku ya tatu tuliingia kwenye mafunjo, yale majani marefu ya majini yanayofunika bonde lote kabla mto haujafika ziwani, na hapo rafiki yangu alikuwa amelala ndani ya mtumbwi, anatetemeka kwa homa. Jioni tukapata kilima kidogo cha ardhi kavu chenye mti mmoja. Dereva akambeba mgongoni. Kutoka kule mgongoni akanipigia kelele: "Dokta, funga kwenye mti. Kwenye mti, unasikia?"

Nikaitikia ndiyo.

Mti ulikuwa mbali, tope linafika magotini, na kamba ilikuwa fupi. Ningelazimika kuuzungusha mtumbwi upande wa pili. Nilikuwa nimelowa chapachapa, nimechoka, na hasira zimenijaa. Mbele yangu kulikuwa na mafunjo mazito kama ukuta. Nikayavuta mara tatu, hayakutikisika. Nikafunga hapo hapo. Kwetu Singida kitu kilichoota hakihami.

Asubuhi mvua ilikuwa imekatika. Pale penye mafunjo palikuwa na maji matupu, mapana, yanang'aa. Rafiki yangu alitoka kwenye turubai akayatazama. Kisha akanieleza taratibu kwamba mafunjo yanaelea, na dhoruba ikija, kipande kizima hukatika kikaondoka na chochote kilichofungwa humo. "Pole, dokta. Ilitakiwa nikuambie sababu." Yaani yeye ndiye aliyeniomba radhi! Nilitamani anitukane, anipige hata kofi.

Mchana wavuvi walitukuta, wakatuzungusha mpaka jioni kutafuta. Mafunjo kila upande, yote yanafanana, na yote yanatembea. Mvuvi mmoja akauliza huku anacheka, "Hivi nani huyo aliyefunga mtumbwi kwenye mafunjo?" Dereva akanitazama. Nikafungua mdomo.

"Ni mimi," alisema rafiki yangu.

Wakacheka mpaka mtumbwi wao ukayumba. "Mkerewe mzima! Wewe ulizaliwa ziwa gani?" Naye akacheka pamoja nao. Nikafunga mdomo wangu.

Mtumbwi hatukuupata, na Jumatatu alirudi kwenye karasha. Dereva siku hizi ananisalimia kwa adabu tu, wala hanitanii tena. Wiki iliyopita nilimpelekea mgonjwa wangu dawa ya kifua kazini, ingawa nilijua fika haitamsaidia. Wenzake, waliosikia kwake kwamba ni yeye aliyefunga, walikuwa wanamtania kama kawaida, "Mkerewe, leo umefunga wapi?" naye akacheka hadi kikohozi kikamkunja, akashika ukuta. Wakanigeukia mimi wote, wakisubiri nitasema nini.

Nikampa ile chupa, nikamwambia anywe kijiko kimoja, mara tatu kwa siku.